Kuna Maji Kidogo

Treni ya kwenda York ilikuwa imejaa, na kiti kimoja tu kilikuwa kitupu, ubavuni mwa mwandishi wa makala haya. Akaja bibi mmoja wa Kiingereza, kichwa cheupe kwa mvi, mkononi kapu la nyuzi za sufu na sindano za kufumia. Akainama, akauliza swali ambalo kwa Kiswahili lingekuwa hivi: "Huudhiki nikikaa hapa, sivyo?" Mwandishi, aliyelelewa Pangani na kufundishwa kumpisha mkubwa hata penye mkeka, alitabasamu mpaka gego la mwisho likaonekana. "Yes," akajibu. Akaona neno moja halitoshi kumkaribisha mtu mzima, akaongeza: "Yes, yes!"

Bibi akanyooka ghafla. Akaomba radhi, yeye aliyenyimwa kiti, kisha akajivuta hadi mlangoni akasimama na kapu lake, na hapo mlangoni ndipo alipokuwa treni ilipofika York. Abiria wa kiti cha mbele alimtazama mwandishi kwa jicho ambalo nyumbani huwekewa mwizi wa viatu msikitini.

Ilimchukua siku mbili kuligundua kosa, na kosa lilikuwa la Kiswahili. Mswahili akiulizwa "Hujala?" naye kweli hajala, hujibu "Ndiyo, sijala." Ndiyo yake inamwitikia muulizaji: ulivyosema ndivyo. Mwingereza hayaitikii maneno ya muulizaji, huitikia hali ya tumbo lake. Kama halina kitu jibu ni "no", uliza utakavyouliza. Kwa hiyo mwandishi alikuwa amesema: ndivyo, siudhiki hata chembe, karibu mama yangu. Bibi alikuwa amesikia: ndiyo, naudhika. Naudhika, naudhika! Tena meno yote yakiwa nje.

Kosa likaeleweka, lakini likaacha nyuma swali lililomkera mwandishi mwaka mzima aliokaa katika mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza akisomea shahada ya pili. Kwa nini bibi yule hakusema tu, "Naomba nikae"? Nauli alikuwa amelipa, kiti hakikuwa cha mtu, na miguu iliyochoka ilikuwa yake.

Kiingereza cha Uingereza hakipendi neno litoke nje bila nguo. Ombi huvishwa swali, swali huvishwa ukanushi, na juu ya vyote hutupiwa "kidogo" au "pengine" kama mtandio. Mwaka 1972 mwanaisimu wa Marekani, George Lakoff, aliandika makala juu ya maneno ya namna hii, yale ya "aina fulani ya" na "kwa kiasi fulani", akayaita kwa neno ambalo mkulima wa Kiingereza hulitumia kwa ua wa miti unaozunguka shamba. Jina lilishika, na wanaisimu wanalitumia hadi leo. Mtu aliyekulia karibu na ua wa michongoma ataona limekaa pake: ukiwa nje huoni kilichomo ndani, na ukijaribu kukatiza unatoka na shati lililochanika.

Shule haikumwandaa kwa hayo. Alikaririshwa "go, went, gone" mpaka akawa anaota nayo. Sentensi ya kutenda aliweza kuigeuza ikawa ya kutendwa kama anayegeuza chapati. Lakini hakuna mtihani uliowahi kumuuliza: Mwingereza akisema anaogopa, anaogopa nini?

Maana wiki ya kwanza alidhani ametua katika taifa la waoga. Duka la viatu, kijana muuzaji alisema anaogopa namba yake imebaki ya kahawia tu. Mwandishi akavitazama viatu vile vya kahawia. Havikuwa na ubaya wowote. Maktaba waliogopa kwamba kitabu kimeazimwa. Kwa daktari wa meno, dada wa mapokezi aliogopa kwamba nafasi ya karibu ni mwezi ujao. Stesheni, mtu asiyeonekana aliogopa kupitia kipaza sauti kwamba treni ya saa tatu imefutwa, na aliogopa kwa sauti tulivu kabisa, kama anayesoma bei za nyanya. "I'm afraid," ndivyo wanavyosema, na mwenye haki ya kuogopa hapo ni yule anayeambiwa.

Baada ya woga, radhi. Mwanaanthropolojia Kate Fox, Mwingereza mwenyewe, aliwahi kutoka barabarani akawa anawagonga watu bega kwa makusudi, ahesabu wangapi wataomba radhi ilhali wao ndio waliogongwa. Katika kitabu chake cha 2004, Watching the English, anaeleza kuwa waliomba kama watu 80 katika kila 100. Mwandishi alikuwa amelifanya jaribio hilohilo Kariakoo, bila kukusudia, siku mbili kabla ya safari. Matokeo yake hayaandikiki gazetini.

Mwokozi wake akawa mama mmoja wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, muuguzi mstaafu. Alikuwa amekula chumvi nyingi, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo aliilia Uingereza. Walikutana katika duka linalouza mihogo iliyogandishwa, wote wawili wakiushangaa mhogo uleule uliokuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Kuanzia siku ile yeye akawa Mama, na mwandishi akawa mwanangu. Kila Jumamosi alimpikia wali kwa tui la kopo, akililaani kopo tangu kufungua hadi kupakua. Wali ukishakaa mezani, kazi ya ukalimani ilianza.

Kesi ya kwanza kufikishwa mbele yake ilihusu chumvi. Ilikuwa Desemba. Redio ilitangaza kwamba usiku kutaganda barafu, na mwandishi, mwenye hofu ya kuteleza kwenye ngazi za nje, alimuuliza jirani wa chini. Jirani akamwambia habari za watabiri wa hali ya hewa azichukue na chumvi kidogo, ile ya kubana kwa vidole viwili. Mwandishi alikwisha kuona magari ya manispaa yakimwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, kwa hiyo ushauri ulimwingia sawasawa. Ila aliona kidogo haitoshi. Alinunua pakiti mbili, akazimwaga zote. Usiku hakukuganda kitu. Asubuhi ngazi zilikuwa nyeupe kama samaki wa ng'onda, na jirani akawa anazishuka taratibu, akisema kwamba ni jambo la kuvutia sana.

Mama alicheka mpaka akalazimika kukaa. "Mwanangu, chumvi ya hapa haimwagwi," akamweleza. "Hiyo waila mwenyewe. Mtu akikwambia chukua neno hili na chumvi, maana yake usilimeze lote."

Asili ya msemo huo mara nyingi hurudishwa kwa Mrumi Pliny Mkubwa, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya viumbe karibu na mwaka 77. Humo anasimulia kwamba jemadari Pompey, baada ya kumshinda mfalme Mithridates, alikuta miongoni mwa mali za mfalme huyo maelekezo ya dawa ya kuzuia sumu: kokwa mbili kavu za jozi, tini mbili na majani 20 ya mmea mchungu, vyote vitwangwe pamoja na kuongezwa chembe ya chumvi. Mtu ale asubuhi kabla ya kitu kingine, na siku hiyo hakuna sumu itakayomdhuru. Hadi leo Wamarekani hutaja chembe, Waingereza hutaja ya kubana kwa vidole. Jambo lililomfurahisha mwandishi ni upande iliko chumvi. Waswahili tunasema fulani ametia chumvi, yaani ameyazidisha maneno: kwetu anayeshika kopo la chumvi ni msemaji. Kwao msemaji hupika bila chumvi kabisa, kisha msikilizaji anaambiwa aje na yake.

Na kweli wanapika bila chumvi. Sura ya kwanza ya tasnifu yake ilirudi kutoka kwa msimamizi ikiwa na barua pepe ya mistari minne. Sura ilikuwa "quite good". Hoja ya pili ilikuwa "interesting". Palikuwa na jambo dogo moja au mawili. Na pengine mwandishi angependa kufikiria kuitazama upya sehemu ya kati.

Sasa, "quite" alifundishwa shuleni kwamba ni kabisa. Nzuri kabisa! Akapiga simu Pangani usiku uleule. Mama yake akawaambia majirani, majirani wakaja kumpa mkono, na kuku mmoja asiyehusika na elimu ya juu alilipa gharama. Kuhusu sehemu ya kati, mwandishi alitii agizo neno kwa neno. Alifikiria kama angependa. Alifikiria kituoni akisubiri basi, akafikiria tena ndani ya basi, na kila alipojiuliza alikuta kwamba hapana, asingependa. Akairudisha sura kama ilivyo, na shukrani nyingi.

Msimamizi hakupandisha sauti. Wekundu tu ndio uliompanda, kuanzia kwenye kola ya shati hadi masikioni, akasema kwamba pengine alikuwa ameshangaa kidogo.

"Kidogo!" Mama akapiga kelele Jumamosi iliyofuata, mwiko hewani. "Alisema kidogo? Basi mwanangu huna chuo." Akaketi, akaisoma ile barua pepe mstari kwa mstari kama mganga anayesoma mchanga. "Quite" ya Mwingereza, alieleza, ni kinyonga. Ikikaa mbele ya neno lililofika kikomo, mfano "sahihi" au "haiwezekani", ni kabisa kwelikweli. Ikikaa mbele ya neno la kawaida kama "nzuri", huwa ni nzuri ya kumpa mgonjwa moyo. Mmarekani akiisema hiyohiyo ni sifa. Ndiyo maana hata wao kwa wao hukosana. "Interesting" ni mlango: msimamizi ameuona, akatoka. Jambo dogo moja au mawili ndiyo sura nzima. Na ile "ungependa kufikiria" haikuwa swali hata kidogo, ni amri, tena ya mwisho. Baada yake hutumwa barua yenye muhuri.

Mwandishi aliuliza kama kuna kanuni.

"Kanuni ipo. Neno kubwa la Mwingereza, gawa kwa kumi. Neno dogo, zidisha kwa kumi."

Haikuwa sayansi, lakini wapo waliopima jambo lenyewe. Mwaka 2019 kampuni ya kura za maoni ya YouGov iliwauliza Waingereza na Wamarekani maana ya misemo kadhaa ya adabu, ukiwemo ule wa kumwambia mtu "kwa heshima zote kabisa". Waingereza wengi walisema aliyeambiwa hivyo ameitwa mjinga. Karibu nusu ya Wamarekani walidhani maana yake ni kwamba anasikilizwa. Watu hawa lugha yao ni moja tangu kunyonya! Mwandishi aliposoma habari hiyo alipumua. Kumbe si Pangani peke yake.

Lakini kuna mahali ambapo kutozidisha kwa kumi hakuishii kwenye kuku. Aprili 1951, katika vita vya Korea, brigedi moja ya Uingereza ililinda mstari wa mto Imjin dhidi ya mashambulizi makubwa ya jeshi la China. Batalioni moja ya brigedi hiyo, ya kikosi cha Gloucestershire, ilikuwa imezingirwa juu ya kilima na risasi zikiisha. Jenerali wa Kimarekani aliyekuwa juu yao, Robert Soule, akamuuliza Brigedia Tom Brodie hali ikoje. Brodie akajibu, kwa namna ya watu wake, kwamba mambo yananata kidogo. Kwa sikio la Kiingereza hicho kilikuwa kilio. Mmarekani alisikia kwamba mambo si mazuri sana ila yanashikika, na amri ya kuwaondoa haikutoka wakati wake. Vita vile vya mtoni vilipokwisha, tarehe 25, zaidi ya askari 500 wa batalioni ile walikuwa wametekwa. Wanahistoria wanazo sababu nyingine za kueleza msiba ule, na neno moja haliui batalioni peke yake. Lakini wengi wanaousimulia hulitaja.

Rubani Eric Moody alibahatika zaidi, yeye na abiria wake. Usiku wa tarehe 24 Juni 1982 ndege yake, Boeing 747 ya British Airways iliyobeba watu 263, iliingia katika wingu la majivu ya volkano ya Galunggung kusini ya Java. Injini ya kwanza ikazima, ikafuata ya pili, zikafuata mbili za mwisho karibu kwa pamoja. Moody alichukua kipaza sauti akawatangazia abiria kwamba kuna tatizo dogo: injini zote nne zimesimama. Akaongeza kwamba wanajitahidi kwa kila hali kuziwasha, na kwamba ana imani hawasumbuki sana. Ndege ilishuka bila injini kwa zaidi ya dakika kumi kabla hazijawaka tena, ikatua Jakarta huku kioo cha mbele kimesagwa na majivu kiasi cha kutoona kitu, na hakuna aliyekufa. Mama wa Mombasa alipenda sana kisa hiki. Alisema injini mbili zikizima lingekuwa tatizo dogo sana; moja, lisingetangazwa.

Na malkia wao wa wakati ule aliyajua hayo kuliko wote. Novemba 1992 alisimama mbele ya wageni katika ukumbi wa Guildhall, London, siku nne tu tangu kasri lake la Windsor liungue. Mwaka huohuo binti yake alikuwa amepewa talaka na ndoa ya mwanawe Andrew ilikuwa imefikia kutengana. Jina la Kilatini alilouita mwaka ule, la kuutaja kuwa wa kutisha, ndilo lililobaki vichwani mwa watu. Mwandishi anaipenda zaidi sentensi iliyotangulia, ambayo kwa Kiswahili ingesema kwamba mwaka ule si wa kuukumbuka kwa furaha isiyozimuliwa. Nyumba imeungua, ndoa za watoto zimevunjika, na tatizo ni kwamba furaha imetiwa maji!

Mwandishi alisimulia hayo yote mezani kwa Mama, akiigiza sauti, akicheka mpaka machozi, akihitimisha kwamba hakuna watu duniani wanaozunguka mbuyu kama hawa.

Mama aliweka kijiko chini. "Babu yako alipofariki, nyumbani walikupigia simu wakasemaje?"

Mwandishi akanyamaza, maana alikumbuka. Simu ilianza kwa hujambo. Ikaja habari za masomo, nzuri. Habari za baridi, tumeizoea. Naye akauliza habari za huko. "Huku salama, wote wazima," alijibiwa. Pakapita kitambo. "Ila babu hatunaye."

"Wote wazima," Mama akarudia, akihesabu vidole, "ila mmoja yuko kaburini. Na wewe ukamwelewa, wala hukuona kioja."

Akaendelea, kwa kuwa alikuwa ameshapata mteremko. Fundi aliyepo njiani, na nyuma ya sauti yake unasikia maji ya kuoga yakimwagika. Mtu anayekuaga kwa kusema nakuja. Mdaiwa ambaye tarehe yake ya kulipa ni inshallah, mpaka neno la Mungu limegeuka kuwa jina la mwezi ambao haumo kwenye kalenda. Mgonjwa ambaye tangu Ijumaa hajambo kidogo, na familia imeshaanza kuulizia sanda. Ndugu anayetaka kukopa, ambaye huanzia habari za mashamba na mvua, akapitia harusi ya binti wa jirani, na laki moja anaitaja ukiwa umeshamsindikiza hadi barabarani.

Ni kweli, na hapo mwandishi alirekebisha maoni yake. Mswahili naye ana michongoma, ila ameipanda upande mwingine wa nyumba. Ombi dogo hulitupa wazi: "Hebu nipe chumvi," na hakuna mezani atakayehisi ametukanwa. Ukinenepa atakwambia umenenepa, mbele ya watu, tena kwa furaha. Msiba, deni na neno hapana ndivyo anavyovizungushia ua. Mwingereza atakutangazia msiba kwa sentensi moja mlangoni, lakini akitaka umpishe kidogo achukue sukari dukani atapita njia ndefu ya woga, radhi na pengine. Kila mmoja anamwona mwenzake ama hana adabu ama hana msimamo.

Kuanzia hapo mwandishi akaamua kujifunza kupanda ua wa Kiingereza, na kwa bahati mbaya alijifunza vizuri.

Jumamosi moja ya Februari, saa kumi jioni, bomba la chini ya sinki la jikoni lilikatika kwenye kiungo chake. Maji hayakuvuja, yaliruka. Yalimpiga kifuani, yakaipiga friji, yakaanza kutafuta njia ya kwenda sebuleni. Mwandishi alikimbilia simu, akapiga namba ya dharura ya ofisi inayopangisha nyumba ile. Akapokea dada mmoja, mwenye sauti njema. Hapo ndipo mafunzo yote ya mwaka yalipomjia kichwani kwa mkupuo, yamepangwa, yamepigwa pasi. Alisema anasikitika sana kumsumbua wikiendi. Alisema anaogopa kwamba huenda kuna maji kidogo jikoni. Alisema, na hili analijutia zaidi, kwamba hataki kuwa msumbufu, lakini kama kuna fundi ambaye pengine angekuwa na nafasi, hakuna haraka hata kidogo.

Alisubiri azidishiwe kwa kumi.

Dada akamshukuru, akamwambia fundi bomba atafika Jumanne, kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana.

Baadaye sana, alipolichambua jambo hilo na Mama, walielewa kilichotokea. Dada yule alikuwa amesikia lafudhi. Siku nzima alipokea simu za wageni, na kwa uzoefu wake mgeni husema kitu kilivyo: bomba limepasuka, njooni sasa hivi. Mgeni akisema maji kidogo, basi ni kidogo. Laiti angepiga simu akasema kwa Kiingereza chake cha Pangani, "Njooni, nazama!", fundi angefika kabla ya magharibi.

Alikuwa bado ameshika simu, miguu imeshaloa hadi vifundoni, pale mlango ulipogongwa. Ni yule jirani wa chini, wa kesi ya chumvi. Nywele zilikuwa zimemlowa na begani alikuwa na kitu cheupe kama unga. Akasema anaomba radhi sana kumwingilia saa kama hizi, na huenda yeye ndiye amekosea, lakini inaelekea amepata maji kidogo kule kwake.

Mwandishi alizidisha kwa kumi papo hapo, akashuka ngazi tatu tatu. Alipungukiwa. Ilibidi azidishe kwa mia. Nusu ya dari ya sebule ya jirani ilikuwa imelala juu ya kochi, na kutoka kwenye nusu iliyobaki maji yalikuwa yakiporomoka kwa utaratibu mzuri juu ya televisheni. Jirani alisimama katikati, mikono kiunoni, akiitazama televisheni. Akasema kwamba hali hiyo si bora kabisa.

Yeye ndiye aliyejua koki kuu ilipo, ndani ya kabati dogo chini ya ngazi, akaifunga bila neno lingine. Kisha, kwa kuwa alikuwa Mwingereza na palikuwa na msiba, akaenda kuchemsha maji ya chai. Mwandishi akapanda juu kudeki.

Simu ikalia. Pangani ilikuwa yapata saa mbili usiku, wameshakula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za huko?"

"Nzuri."

"Baridi?"

"Ipo, tumeizoea."

"Na hiyo nyumba, nzuri?"

"Nzuri tu, mama," alisema, akikamulia dekio kwenye ndoo ya nne. "Ila kuna maji kidogo."

"Afadhali yenu. Huku yamekatika tangu Jumatano."